"Mungu Kwanza" ya Status Inakaa Saa 24. Ya Bibi wa Suji Je?

Kuna kijana mmoja pale stendi ya Same, jina kapuni, anapiga boda. Ukimfuatilia WhatsApp utasema huyu ni mchungaji mtarajiwa. Asubuhi anaposti mstari wa Zaburi wenye picha ya jua linachomoza. Saa nne anaweka mkeka wa mechi tisa, na pembeni emoji ya mikono inayoomba. Mchana klipu ya mhubiri anayepiga kelele watu wapokee. Jioni umbea wa staa aliyeachwa. Usiku kabla hajalala anaandika "Mungu kwanza". Siku nzima kamtaja Mungu mara tatu na hajaongea Naye hata dakika mbili.

Kabla hujamcheka, fungua simu yako mwenyewe uangalie ya jana.

Mastaa wa Bongo ndio walimu wakubwa wa hii tabia. Ijumaa klabu, Jumapili Biblia mkononi na kapsheni ndefu ya shukrani, halafu chini kabisa namba ya kubuku shoo. Mtu akipata skendo kitu cha kwanza anatangaza kaokoka, wiki mbili baadaye ngoma mpya inatoka na watu wanagundua ule wokovu ulikuwa kiki. Wapo waliookoka kweli, tena wakaacha hela mezani, ila hao huwa hawaposti sana ndiyo maana stori zao huzijui.

Sasa mtu asiseme vijana wa siku hizi hawamtaki Mungu. Wanamtaka, tena sana. Ajira hamna, kausha damu wanapiga simu kuanzia alfajiri, bosi anataka hesabu yake hata siku ambayo mvua imenyesha kutwa nzima. Mtu mwenye hali hiyo anamtafuta Mungu kwa nguvu zote. Shida ni kwamba anamtafuta kwa spidi ile ile anayoskrolia. Dakika moja ya mahubiri, kama hayajamgusa anapandisha kidole, anakuja mhubiri mwingine.

Same yenyewe inajua nyakati ngumu ni nini. Jumamosi jioni ya tarehe 28 Juni 2025, pale Sabasaba kwenye barabara kuu, basi kubwa liligongana na Coaster, yote mawili yakashika moto. Watu wasiopungua 38 walikufa, na miili mingi iliungua kiasi cha kutotambulika. Wengine walikuwa wanaenda harusini. Siku zile simu zilijaa mishumaa na "Mungu tusaidie", na hakuna haja ya kumsema mtu vibaya kwa hilo, watu waliumia kwelikweli. Lakini status ya WhatsApp inakaa saa 24 halafu inafutika yenyewe. Kwa wengi sala nayo ilifutika hapo hapo, wakahamia kwenye trendi ya wiki iliyofuata. Wenye msiba wao wakabaki nao.

Na haraka hii inaua, haya siyo maneno ya mdomoni tu. Moshi ni kama kilomita mia hivi kutoka Same. Tarehe 1 Februari 2020, kwenye ibada uwanjani pale, watu walikimbilia kukanyaga mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Watu 20 walikufa kwa kukanyagana. Mitandaoni kuna waliowacheka, eti wajinga. Wajinga wapi? Wale walikuwa wagonjwa, wenye madeni, akina mama waliobeba watoto. Ni watu waliochoka kusubiri, na mtu aliyechoka kusubiri ukimwambia baraka iko pale chini, na watu ni wengi, atakimbia. Hata wewe ungekimbia. Swali la kujiuliza ni lini Mkristo alianza kuamini kwamba Mungu anaisha kama ofa ya bando, asiyewahi amekosa.

Jibu zuri la swali hilo lipo kwenye milima ya Upare, tena limekaa huko miaka mingi kabla ya simu.

Ukitoka Same kuelekea Dar unapita Makanya, jua kali, vumbi, malori ya jasi. Ukikunja kushoto ukaanza kupanda ndiyo unaenda Suji na vijiji vya jirani. Huko juu kuna kitu kinaitwa ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo la kuhifadhi maji, limejengwa kwa udongo na mawe, mfereji unaleta maji kutoka kijito cha mlimani. Jioni tundu la kutolea maji linazibwa. Usiku kucha maji yanaingia kidogo kidogo. Asubuhi linazibuliwa na maji yanashuka mashambani kwa zamu, leo shamba hili, kesho lile.

Mgeni akiliona anauliza mbona msiyaache tu yatiririke moja kwa moja kutoka kijitoni? Wazee wanacheka. Kiangazi kijito kinakuwa kama uzi. Ukiyaachia maji kidogo hivyo yaende yenyewe, udongo wa mfereji unayanywa yote njiani, shamba la mwisho halipati hata tone. Maji ni yale yale. Yakikusanywa usiku mmoja yanashuka kwa nguvu, yanafika. Yakiachwa yatoke muda wote yanaishia mchangani. Watani wanawasema Wapare kwa ubahili nchi nzima, basi ubahili wao wa kwanza ni huu wa maji, na ndio uliofanya watu wale chakula kwenye milima ile.

Yule kijana wa boda ni kijito cha kiangazi kilichoachwa wazi masaa 24. Mstari mmoja wa Zaburi unaingia asubuhi, kufika saa nne umeshanywewa na mkeka.

Siku moja injini ya pikipiki ilimfia, fundi akamwambia mpaka Jumatatu. Hana pa kwenda, hana hela ya kukaa mjini, akapanda Suji kwa bibi yake. Ilikuwa Ijumaa.

Hapa inabidi kueleza kidogo. Waadventista Wasabato walianza kazi yao katika nchi hii kwenye milima hii hii ya Upare Kusini, pale Giti, mwaka 1903, wamisionari wa kwanza wakiwa Wajerumani. Walutheri nao wana Dayosisi yao ya Pare, Wakatoliki wana Jimbo la Same, kwa hiyo milima ina kengele za kila aina. Lakini Suji Ijumaa jioni ni kitu kingine. Ni siku ya maandalio. Makande yameshaiva, maji yameshachotwa, viatu vimepigwa kiwi, nguo zimenyooshwa. Jua likizama Sabato inafunguliwa kwa wimbo na sala, na kazi inakaa chini mpaka jua la Jumamosi lizame. Wamefanya hivyo zaidi ya miaka 120, kila wiki, kwenye njaa na kwenye shibe. Hawakusubiri msiba.

Kijana kafika giza linaingia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Umekuja na Sabato. Karibu ndani."

"Bibi, sehemu ya kuchajia iko wapi?"

"Kuchajia nini?"

"Simu, bibi. Iko asilimia nne."

"Imechoka hiyo, mjukuu wangu. Iache nayo ipumzike."

Ikawekwa kabatini chini ya vitenge. Kijana alidhani utani.

Usiku ule hakulala. Kidole gumba kilikuwa kinatembea chenyewe kwenye blanketi kinatafuta cha kubonyeza. Saa tano, saa sita, saa saba. Na kadri kimya kilivyozidi ndivyo vitu vilivyoanza kuja. Deni la kausha damu. Rafiki aliyemsusa bila sababu ya maana. Kubwa kuliko yote, mtoto wake Hedaru, ambaye hajamtumia matumizi miezi mitatu, na mama wa mtoto alishaacha kumpigia kudai. Mikeka aliyochana katika miezi hiyo mitatu ingelipa matumizi na chenji ikabaki.

Watu wanalaumu simu kama vile ndiyo imeleta kelele zote, wakati mwenye simu mara nyingi ndiye anayezihitaji. Anaziba kitu. Ukikaa kimya umtafute Mungu, mtu wa kwanza kukutana naye njiani ni wewe mwenyewe, na huyo si kila mtu anapenda kumuona saa saba usiku. Ndiyo maana maombi ya dakika moja ya TikTok yana soko. Yanaisha kabla hujajikuta.

Kwenye Biblia kuna Eliya, nabii aliyechoka mpaka akaomba afe. Wahubiri wengi wanaikimbilia sehemu ya upepo, tetemeko na moto, na ile sauti ndogo ya utulivu iliyokuja baadaye pale Horebu. Lakini kabla ya hayo yote Eliya alilala chini ya mti. Malaika akamuamsha, akampa mkate na maji, akalala tena. Hakupewa unabii siku hiyo wala hakuambiwa apande mbegu ya pesa. Alipewa chakula na usingizi, halafu safari ya siku 40 kwa miguu. Mungu huyo hana haraka kabisa, na kijana mwenye mkopo wa kulipa Ijumaa anaweza kuona kama anapuuzwa.

Watasema kukaa kimya ni anasa ya watu ambao kodi imeshalipwa. Wana hoja. Jumamosi moja bila boda ni hesabu moja imekufa, na bosi hajali ulikuwa unaabudu au ulikuwa unalala. Wasabato wengi wamekosa kazi na mitihani kwa ajili ya siku hiyo, siyo mchezo. Lakini mtu yule yule anayesema hana muda anatumia masaa mangapi kwenye kijiwe na simu mkononi akisubiri abiria? Ndiva haihitaji siku nzima. Inahitaji mtu mmoja akumbuke kuziba tundu jioni.

Wengine watasema Biblia iko kwenye simu, kwaya ziko YouTube, hata sadaka ya harambee ya kanisa la kijijini inatumwa kwa simu kutoka Dar. Kweli tupu. Ila kwenye skrini hiyo hiyo unayosomea Zaburi, juu inashuka notifikesheni kwamba mechi imeanza. Na siku hizi kanisani kwaya ikisimama simu zinazopanda juu ni nyingi kuliko mikono.

Wala kuzima simu peke yake siyo ucha Mungu. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa na kila mtu akawa nje ya mtandao. Haikuwa Sabato hiyo, watu walikuwa na hofu, wanapiga simu za kawaida kuuliza ndugu zao wako salama. Mfereji uliokatwa na mtu mwingine haujazi ndiva ya mtu. Na kuna nyumba huko huko milimani ambazo simu inazimwa Ijumaa jioni halafu Sabato nzima ulimi unafanya kazi ambayo Instagram ingefanya. Bibi wa kijana mwenyewe anawajua, na aliwataja wawili.

Kijana hakutoka Suji na moto wa Roho Mtakatifu kichwani. Kanisani alisinzia kwenye somo. Jumamosi jioni Sabato ilipofungwa aliomba simu yake, bibi akamwambia iko pale pale, achukue. Akaiangalia ilivyozima, akairudisha chini ya vitenge. Hata yeye hajui kwa nini.

Jumapili ilikuwa zamu ya bibi ya maji. Alfajiri walishuka na jembe mpaka kwenye ndiva, wakawakuta majirani wawili wameshafika. Tundu likazibuliwa, maji yakatoka kwa kishindo, kijana akawa anakimbia nayo pembeni ya mfereji kufungua na kuziba vitaru. Bibi amekaa juu ya jiwe anaelekeza kwa fimbo. Yalifika mpaka kwenye mstari wa mwisho wa maharage.

Jumatatu akashuka Makanya kupanda gari la Same. Akachomeka simu kwenye duka la vocha. Ilipowaka ililia kama dakika mbili mfululizo: kausha damu, grupu la boda, mkeka uliochanika, mhubiri mmoja yuko live. Hakufungua hata moja. Hakuposti kitu.

Alitafuta namba ya Hedaru akapiga. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena.