Sauti inajulikana, jina halijulikani: waigizaji wa Mashariki na kazi ya kujitangaza

Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, watu wengi wanatambua sauti ya muigizaji wa mchezo wa radio bila kujua jina lake. Husema tu: "Ule njo anaigizaka baba mulevi." Mhusika amekuwa maarufu, lakini mtu mwenyewe angali anakopa pesa ya kulipa motari.

Sababu ya kwanza ni namna kazi inavyopatikana. Michezo mingi inaagizwa na mashirika (ONG) kwa ajili ya kuhamasisha raia. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, Kivu Kaskazini na Ituri zilisikia michezo ya namna hiyo. Kisha ikafuata ya chanjo, ya amani, ya haki za wanawake. Kikundi kinalipwa kwa siku, shirika linaweka alama yake juu ya bango, mradi unaisha. Akiulizwa alifanya kazi gani, muigizaji hana kitu cha kuonyesha.

Sababu ya pili ni umbali. Rachel Mwanza, msichana aliyewahi kuishi barabarani Kinshasa, alipata tuzo ya muigizaji bora wa kike Berlin mwaka 2012 kwa filamu "Rebelle". Véro Tshanda Beya hakuwa ameigiza katika sinema kabla ya "Félicité", filamu iliyotuzwa Berlin mwaka 2017. Filamu zote mbili zilitengenezwa Kinshasa, na wao walikuwa pale. Mkaaji wa Beni ao wa Uvira hana bahati hiyo. Zaidi ya hapo, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025, M23 ilipouteka mji, na safari ya kwenda Kinshasa ikawa ndefu na ya bei kali. Simu njo imebaki mlango.

Kujitangaza si kujisifu

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata mama mwenye ndizi nzuri anazipanga mbele ya wapita njia. Haziachi ndani ya kifuko. Shida ni kwamba waigizaji wengi wanamaliza mega zao kwa kuweka mapicha kila siku: wamesimama karibu na gari la mwingine, miwani machoni, jina la ukubwa chini yake. Picha kama hizo zinaleta "likes", lakini hazimuonyeshi anayetafuta muigizaji kama mtu huyo anajua kazi.

Anayetafuta muigizaji anataka vitu vichache: sura, sauti, lugha, na namba ya simu inayoita. Video ya dakika moja ao mbili inatosha, mchana, karibu na dirisha, yenye wahusika wawili tofauti: wa kuchekesha na wa huzuni. Pembeni yake iwekwe orodha ya kazi: mwaka, mchezo, nafasi aliyoigiza, kikundi. Jina liwe lile lile popote. Anayeitwa vingine kwenye Facebook na vingine kwenye WhatsApp anapotea. Lugha pia ni mali. Katika "Augure", filamu ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2023, Kiswahili kinasikika. Anayejua Kiswahili, Kilingala na Mashi ao Kinande asifiche hilo.

Hatari zenyewe

Huku kwetu, picha si mchezo. Muigizaji aliyevaa nguo za jeshi kwa ajili ya tamthilia, picha yake ikizunguka bila maelezo, anaweza kuulizwa maswali mabaya kwenye bariere. Afazali picha hiyo isitoke kabisa. Wadanganyifu nao wanajua njaa ya waigizaji. Kazi ya kweli haimuombi mtu alipe ili achaguliwe, wala haimuiti msichana peke yake usiku ndani ya hoteli.

Deni la wengine

Hata hivyo, si haki kumbebesha muigizaji mzigo wote. Sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi na haki jirani, ambamo waigizaji wamo. Lakini atadai namna gani kama hakuna karatasi inayosema aliigiza? Kikundi kinaweza kuandika majina na kumpa kila mmoja nakala. Shirika linaloagiza mchezo linaweza kuyaweka kwenye bango, chini ya alama yake. Na radio, za jamii kwanza, zinaweza kuyasoma kila mchezo unapoisha. Hiyo haichukue hata dakika moja, na haiombi franka. Kwa muigizaji, inaweza kuwa ndiyo siku mtu anampigia simu akimuita kwa jina lake.