Wakili Anapovua Joho na Kushika Kompyuta

Miaka mitatu iliyopita alinijia ofisini mwanafunzi wangu wa zamani. Aliingia na "Shikamoo, Mwalimu", akakaa, akanyamaza kitambo. Kwa miaka saba alikuwa wakili katika kampuni ya mawakili katikati ya Dar es Salaam, akishughulikia miungano ya makampuni, mikopo mikubwa ya benki na mikataba ya upangaji wa majengo. Sasa alitaka kuacha. Kikundi cha vijana kilikuwa kinatengeneza programu ya simu ya kuwaeleza wafanyakazi haki zao, nacho kilihitaji mtu anayeijua sheria. Mshahara ungekuwa chini ya nusu ya ule aliouzoea. Akaniuliza: "Mwalimu, nitakuwa nimeitupa elimu uliyonipa?"

Nilimjibu kwamba ndiyo. Sikutumia neno hilo, lakini maana ilikuwa hiyo. Nilimwambia avumilie, kwamba baada ya miaka michache angekuwa mbia, na kwamba kompyuta zina mafundi wake. Alinishukuru kwa adabu, kisha akaenda kufanya kinyume cha nilivyomshauri. Leo naandika kukiri kwamba alikuwa sahihi, na kueleza kwa nini kukiri kwangu hakutoshi.

Ndugu msomaji, sisi walimu wa sheria wa umri wangu tuna sababu ya kuliona joho kuwa kitu kitukufu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na kitivo kimoja tu, nacho kilikuwa cha sheria. Wanafunzi walikuwa 14, wakisomea katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Nchi ilikuwa inazaliwa, na mawakili Waafrika walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Kumsomesha mwanasheria kulikuwa kujenga taifa. Tukalirithi wazo hilo, lakini tukasahau kuuliza swali lililolizaa: mwanasheria huyu anajengwa kwa ajili ya nani?

Tuangalie kazi aliyoiacha. Kampuni moja inapotaka kuinunua nyingine, mawakili hukaa usiku na mchana wakisoma nyaraka za ile inayonunuliwa: mikataba ya ajira, hati za ardhi, leseni, mikopo, kesi zilizoko mahakamani. Kila mkataba husomwa ili kutafuta kifungu kinachoweza kuleta hasara. Ni kazi ya maana, na inahitaji jicho kali. Lakini sehemu kubwa yake ni kuchambua, kulinganisha na kupanga, mambo ambayo kompyuta inazidi kuyamudu. Mwaka 2008 Richard Susskind alichapisha kitabu kilichouliza kama huu ni mwisho wa mawakili, na wengi katika taaluma walikereka. Kwa maoni yangu walikerwa na swali lisilo zito. Wenye fedha watakuwa na mawakili daima. Swali zito linawahusu wale ambao hawajawahi kuwa naye hata mmoja.

Mchukue mlinzi aliyeachishwa kazi. Kwa kanuni zetu za kazi, malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mlinzi hajui. Meneja anamwambia arudi wiki ijayo, kisha wiki inayofuata, na yeye anarudi kwa kuwa amelelewa kuheshimu wakubwa. Siku ya 40 jirani anamwambia aende Tume. Huko anaelezwa kwamba amechelewa, na kwamba kabla ya kusikilizwa ni lazima kwanza aombe kuongezewa muda na kutoa sababu za kuchelewa kwake. Haki yake imezidiwa na kalenda kabla mtu yeyote hajaitazama.

Hapo ndipo mwanafunzi wangu alipoingia. Wahandisi wa programu walitaka kisanduku kimoja: weka tarehe uliyoachishwa kazi. Alikataa. Kanuni inahesabu tangu tarehe ya kuachishwa, au tangu tarehe mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kumwachisha mfanyakazi au wa kuthibitisha uamuzi huo. Aliyekata rufaa ndani ya kampuni ana hesabu tofauti na yule ambaye hakukata. Kisanduku kimoja kingewaambia baadhi ya watu kwamba wamechelewa ilhali muda bado wanao. Walibishana wiki mbili. Mwishowe programu ikauliza maswali matatu, kwa Kiswahili ambacho mlinzi anakielewa. Maswali hayo matatu yaliandikwa na jicho lililonolewa kwa miaka saba katika mikataba ya makampuni. Elimu ile haikutupwa. Kwa mara ya kwanza ilikuwa inamfikia mlinzi.

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani kwamba teknolojia ya sheria ni baraka tupu. Mwaka 2023, katika kesi ya Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, mawakili huko New York waliwasilisha hoja zenye rejea za kesi ambazo hazikuwahi kuwapo. Zilikuwa zimetungwa na ChatGPT. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Mwaka 2024 kampuni ya DoNotPay, iliyojitangaza kuwa na wakili wa roboti, ilikubali kulipa dola 193,000 baada ya Tume ya Biashara ya Marekani kuituhumu kwa kutoa madai isiyoweza kuyathibitisha. Katika kisa cha kwanza, mawakili walibanwa na wajibu wao kwa mahakama. Katika cha pili, chombo cha kumlinda mlaji kiliingilia kati. Nauliza watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu: programu ikimpotosha mlinzi wetu hapa Tanzania, atamshitakia nani?

Kupotosha ni rahisi kuliko tunavyodhani. Hadi mwaka 2021, mabaraza ya kata yalikuwa na mamlaka ya kuamua baadhi ya migogoro ya ardhi. Marekebisho ya mwaka huo yaliyaachia usuluhishi tu: yakishindwa kusuluhisha, mgogoro huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Programu iliyolishwa maandiko ya kabla ya hapo itamwambia mjane asubiri hukumu ambayo baraza la kata halina uwezo wa kuitoa. Wakili anayemshauri hivyo anaweza kufikishwa mbele ya kamati ya maadili. Programu haina leseni ya kunyang'anywa.

Ipo hatari nyingine, nayo inasemwa kwa nadra: fedha. Katika fani hii fedha hukimbilia kwa mwenye nguvu. Benki iko tayari kulipia programu ya kuandaa mikataba 1,000 ya mikopo kwa asubuhi moja. Mkopaji wa "kausha damu" hana cha kulipia programu ya kuusoma mkataba mmoja. Tukiliacha soko liamue peke yake, teknolojia itaongeza kasi ya upande uliokuwa na wakili tangu mwanzo, na pengo la haki litapanuka huku tukishangilia maendeleo.

Kwa hiyo nina madai matatu.

Kwanza, serikali iweke maandishi ya sheria mikononi mwa wananchi. Marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na Mahakama inatoa hukumu bure mtandaoni kupitia TanzLII. Ni hatua za kupongezwa. Kinachotakiwa sasa ni kila sheria ipatikane bure kwa Kiswahili, ikiwa imeunganishwa na marekebisho yake yote, ikionyesha tarehe ilipoanza kutumika, na katika muundo ambao programu inaweza kuusoma bila kukosea. Bila hilo, kila kikundi cha vijana kitaichapa sheria upya kwa mikono yake na makosa yake, au kitainunua kwa mfanyabiashara.

Pili, anayetoa mwongozo wa kisheria kwa mashine abebe wajibu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria na kuwawekea utaratibu wa usajili. Utaratibu kama huo unaweza kupanuliwa: programu isajiliwe, itaje mwanasheria anayewajibika kwa maudhui yake, na ionyeshe tarehe yalipohakikiwa mara ya mwisho. Na kwa kuwa mfanyakazi huiandikia mambo asiyomwambia hata ndugu yake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 isimamiwe hapo kwa ukali.

Tatu, sisi walimu tuache kumhesabu aliyeondoka kwenye uwakili kuwa ameshindwa. Wanafunzi wafundishwe jinsi kanuni inavyogeuzwa kuwa swali, na jinsi swali baya linavyoweza kumnyima mtu haki. Mwezi uliopita nilimwalika mwanafunzi wangu darasani, akawapa vijana kanuni ile ya siku 30 na kisanduku kimoja kitupu. Walibishana hadi kipindi kikaisha.

Baada ya kipindi alibaki. Aliniambia ufadhili wa programu yao unaisha baada ya miezi mitano. Mnunuzi yuko mmoja: kampuni inayotoa ushauri kwa waajiri. Inautaka mfumo uleule, maswali yaleyale matatu, ili uwaarifu mameneja siku ambayo muda wa mfanyakazi umekwisha. Fedha zinatosha kuwalipa vijana wote wanane mshahara wa miaka miwili.

"Mwalimu, unanishauri nini?" akauliza tena.

Safari hii sikuwa mwepesi wa kujibu. Nilimwambia kwamba mlinzi wa siku ya 40 hana mahali pa kutoa dau lake, na kwamba wenye uwezo wa kulitoa kwa niaba yake ni wale wanaoishika bajeti ya umma. Kama wapo wanaosoma hapa, miezi mitano imeshaanza kuhesabika.