Twendeni Sokoni na Viondo

Wananchi wenzangu wa Nyeri, nanyi ndugu zetu wa Karatina, Kerugoya, Embu, Chuka, Meru na Nanyuki, nina ombi moja kwenu. Mkitoka nyumbani kwenda sokoni, bebeni kiondo, kikapu chetu cha kusukwa. Likishikwa na nyumba nyingi, ombi hili litaisaidia mito yetu, litawatia mama zetu senti mkononi, na litaunusuru ufundi ambao tukiwaachia wazee peke yao utazikwa nao.

Mnaikumbuka tarehe 28 Agosti 2017. Siku hiyo marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutekelezwa nchini Kenya, na adhabu yake haikuwa ya mchezo: faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, au vyote viwili. Juala zikaadimika madukani. Tarehe 5 Juni 2020 ikawa zamu ya chupa za maji na vyombo vingine vya plastiki vinavyotumika mara moja tu: vikakatazwa katika mbuga za kitaifa na misitu ya hifadhi, Mlima Kenya ukiwemo.

Sheria ilitimiza wajibu wake. Sisi ndio tuliolegea. Wengi wetu bado huenda sokoni mikono mitupu, tukitarajia muuzaji atupe cha kubebea. Mama mboga naye, kwa kuogopa kupoteza mteja, hununua mifuko ile laini ya rangi rangi. Ukiishika utadhani ni kitambaa, kumbe mingi imetengenezwa kwa plastiki. Haikawii kuchanika, ikatupwa, na mvua ikaizoa.

Huzolewa hadi wapi? Ragati inayopita Karatina, Chania ya Nyeri, Thiba ya Kirinyaga na Rupingazi ya Embu, zote ni mito inayoishia Tana. Tana ndiyo inayojaza mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yanayotupatia umeme. Mito ya Nanyuki na Naro Moru huteremka upande wa pili hadi Ewaso Ng'iro, wanakonyweshea mifugo wenzetu wa Isiolo na Samburu. Taka tunayoitupa huku juu, kuna mtu huko chini atakayeiona ndani ya maji yake.

Mama zetu walikuwa na dawa ya jambo hili kabla plastiki haijafika. Dawa hiyo Wagikuyu huiita kĩondo, wingi wake ciondo. Wakamba huiita kyondo. Kiswahili nacho kikalipokea neno pamoja na chombo chenyewe. Kabla ya katani kuenea, nyuzi zilitoka kwenye maganda ya kichaka cha mugio, zikalainishwa na kusokotwa juu ya paja. Msusi huanzia kitakoni, kisha huzunguka akipanda juu, mkono mmoja ukipokezana na mwingine, hata akiwa njiani au kwenye kikao cha chama. Kiondo kikubwa kilibebwa mgongoni kwa mukwa, mkanda wa ngozi unaopita juu ya paji la uso. Siku hizi fundi wa mjini hukitia vishikio vya ngozi, nacho kikaning'inia begani.

Kiondo cha katani kitupu ni chepesi, na kikijazwa viazi hutanuka kwa kadiri ya mzigo. Hupitisha hewa, kwa hiyo sukumawiki haivundi ndani yake. Kikichanika hushonwa, kikichoka kabisa huoza shambani. Vile vya nyuzi za dukani vinapendeza macho, lakini nyuzi nyingi za namna hiyo nazo zina plastiki. Ukiweza, chagua cha katani.

Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, hapa kwetu Nyeri, mwaka 1940, alituonya mapema. Alieleza jinsi mifuko iliyotupwa ovyo inavyotuamisha maji ya mvua na kuwa mazalio ya mbu wa malaria. Mwaka 2005, baada ya kupokea Tuzo ya Amani ya Nobel, alikwenda Japani na kulipenda neno lao mottainai, linalohimiza kuheshimu vitu na kutovipoteza bure, akalieneza duniani. Aliaga dunia mwaka 2011, marufuku haijaja. Sisi tuliobahatika kuiona tuna deni kwake.

Basi tugawane kazi. Wanunuzi, msingoje kupewa mfuko. Wauzaji, mpongezeni mteja anayekuja na chombo chake, hata kwa kumwongezea kitunguu kimoja. Mnaonunua viondo, kumbukeni kwamba kimoja huchukua siku nyingi za mikono ya mtu. Msimlazimishe msusi ashuke hadi bei ya viigizo vilivyofumwa kwa mashine ng'ambo. Wanaume, mzigo wa nyumba ni wenu pia. Kiondo begani hakimpunguzii mtu heshima. Walimu, waiteni akina cucu, bibi zetu, darasani wawafundishe watoto kusokota na kusuka, wasichana kwa wavulana. Na serikali zetu za kaunti, kila mnapojenga au kukarabati soko, watengeeni wasusi nafasi iliyo karibu na lango, ili mnunuzi akutane na kiondo kabla hajafika kwenye mboga.

Kama una kiondo nyumbani, kitundike leo mlangoni, mahali usipoweza kukisahau. Kama huna, siku ya soko ijayo mtafute msusi kwanza, mlipe haki yake, kisha ukanunue mboga. Na jirani akikuuliza umekipata wapi, mpeleke kwa msusi huyo huyo.