RIPOTI YA STIMA NI YA YULE ANAYELIPA

Ndugu Wafanyakazi,

Siku hizi iko kazi inayoitwa ukaguzi wa matumizi ya nishati. Mkaguzi huja na vipimo vyake, akahesabu taa, akatazama friji, akasoma mita, kisha akapiga hesabu na kuandika ripoti. Kazi hiyo ni njema, wala mimi siipingi. Ninalouliza ni hili: ripoti hiyo ni ya nani, na ni nani anayeelezwa maana yake?

Serikali ilitoa Kanuni za Usimamizi wa Nishati mwaka 2012. Kanuni hizo ziliagiza kwamba mahali panapotumia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka pakaguliwe kila baada ya miaka mitatu na mtu mwenye leseni. Hapo ni viwanda na majumba makubwa. Mtu wa chumba kimoja hapa Malaba au kule Busia, akitumia uniti 20 kwa mwezi, itampasa aishi miaka 750 ndipo afikishe uniti 180,000. Basi mkubwa alikaguliwa kwa sheria, na mdogo hukaguliwa kwa bahati.

Hata bahati hiyo ikija, hutupita. Najua ploti moja ambapo mwenye nyumba alileta mkaguzi. Asubuhi nzima watu walimfungulia milango, wakamwonyesha vyombo vyao. Ripoti ikaenda ofisini, imeandikwa Kiingereza na michoro mingi. Wapangaji waliambulia neno moja tu: “Mnatumia stima vibaya.” Mtu akiambiwa hivyo, ashike lipi?

Tutazame kazi yetu wenyewe. Mkaguzi wa mabehewa hupita kandokando ya treni kabla haijaondoka, akiangalia magurudumu, breki na viungo. Akiona behewa bovu, hamwandikii mkubwa barua huku akiliacha lisafiri. Hulitia alama ambayo kila mtu wa yadi anaijua, akawaambia wahusika, nalo likatolewa. Ukaguzi usiomfikia yule atakayesafiri na treni hiyo ni matembezi tu.

Je, mpangaji aelezwe nini?

Kwanza, aelezwe kwa lugha anayoijua na kwa hesabu anayoweza kuishika. Uniti moja ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Taa ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa 5 kila usiku, hula uniti 9 kwa siku 30. Taa ya LED ya wati 9, kwa saa hizo hizo, haifiki hata uniti moja na nusu. Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa, imekula nusu uniti. Tena aonyeshwe kibandiko cha nyota ambacho kanuni za mwaka 2016 zilitaka kiwekwe juu ya friji: nyota zikizidi, ulaji wa stima hupungua. Maneno hayo hayahitaji mtu aliyesoma sana. Yanahitaji mkaguzi mwenye subira.

Pili, apime na moto wa jikoni. Nyumba zetu nyingi hupika kwa makaa na kuni. Anayehesabu taa na kuliacha jiko amepima mkia akamwacha ng’ombe. Na alete mizani, apime makaa kabla ya kupika na yanayobaki baadaye. Jiko lenye udongo ndani ya bati, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hula makaa kidogo kuliko jiko la bati tupu. Lakini udongo ukipasuka na kumomonyoka, faida hiyo hupungua, na mwenye jiko hatajua mpaka mtu aliinamie alitazame.

Tatu, na hili ndilo linaloumiza zaidi, ni mita moja ya vyumba kumi. Katika bei zilizoanza Aprili 2023, nyumba iliyotumia chini ya uniti 30 kwa mwezi ilitozwa shilingi 12.22 kwa uniti, na iliyopita uniti 100 ilitozwa shilingi 20.97, kabla ya kodi na nyongeza nyingine. Sasa chukua vyumba kumi, kila kimoja kinatumia uniti 20. Mita inaona uniti 200. Haioni familia kumi, inaona tajiri mmoja. Kwa bei zile kila chumba kililipa shilingi 419.40 badala ya 244.40. Hiyo ni hasara ya shilingi 175 kila mwezi kwa yule yule ambaye bei nafuu iliwekwa kwa ajili yake.

Na hata kila chumba kikijinyima mpaka uniti 15, jumla ni 150, bado 100 imepitwa. Kumwambia mpangaji huyo “punguza matumizi” na kunyamaza juu ya mita ni kumfanyia hila. Dawa ni mita ya kila chumba, na dawa hiyo iko mkononi mwa mwenye nyumba. Kwa hiyo ripoti iwe na safu mbili: haya mpangaji anaweza kuyafanya, na haya yampasa mwenye nyumba.

Watu watasema kwamba mkaguzi alilipwa na mwenye nyumba, basi ripoti ni yake. Mimi nasema alilipa mara moja, nasi tunalipa stima kila mwezi. Na vipimo vilichukuliwa katika vyumba vyetu.

Lakini sisi nasi tuwe wakweli. Mkaguzi akija, tusifiche koili ya kupikia chini ya kitanda. Kipimo cha uongo huzaa ushauri wa uongo, na anayedai haki aje na mikono safi.

Naomba tawi letu lijadili mambo matatu: ripoti isomwe kwa Kiswahili mbele ya wapangaji kabla mkaguzi hajaondoka, safu hizo mbili ziandikwe, na katika nyumba za wafanyakazi kila mlango uwe na mita yake.

Wakati tunangoja, fanyeni jambo moja lisilo na gharama. Jioni moja patanani wote katika ploti, zimeni kila kitu, mkaitazame mita. Ikiendelea kuhesabu, iko waya inayovuja au iko nyumba isiyojulikana inayokula stima yenu. Andikeni namba na saa, na wawili watie sahihi. Karatasi hiyo mwenye nyumba hataweza kusema hamkuielewa.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanyakazi wa Reli, Malaba