Kipindi cha michezo kisifutwe

Mpira wa matambara uliokazwa kwa kamba hutosha kuwakusanya watoto wa Mlali, wilayani Kongwa, mpaka jua lizame. Pekupeku, vumbi hadi kwenye kope.

Huko si kupoteza muda. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku: mifupa hukomaa, usingizi hutulia, na darasani akili huchangamka.

Singida, mkoa jirani, ndiko alikozaliwa Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni, Tokyo 2025. Si kila mtoto atamfikia, wala si lazima.

Walimu, mtihani ukikaribia msikifute kipindi cha michezo. Nayo serikali ya kijiji ipime uwanja wa shule kabla haujamegwa kuwa viwanja vya nyumba.