Dhamana ya miaka 20 si porojo

Bryston, kampuni ya Peterborough, Ontario, nchini Kanada, hutoa dhamana ya miaka 20 kwa amplifaya zake za analogi, vipuri pamoja na kazi ya fundi. Wapo wanaoibeza, na ubezaji wao unawaponza wanunuzi.

Wanasema kifaa kikiwa kibovu kitaonekana mapema, hivyo miaka inayofuata ni matangazo matupu. Kweli, solda mbovu hujitokeza mapema, na ndiyo maana Bryston huziwasha amplifaya zake kiwandani kwa saa 100 kabla ya kuziuza. Lakini kuna uzee. Fungua amplifaya ya zamani utazame kapasita kubwa za pawa: vichwa vimevimba, majimaji ya ndani yamekauka, na spika zinavuma hata muziki ukizimwa. Kapasita nyingi huandikiwa saa 2,000 katika joto la nyuzi 105, na joto likipungua kwa nyuzi 10 umri huongezeka takriban maradufu. Kwenye nyuzi 85 utapata saa 8,000. Kwa msikilizaji wa saa nne kila siku, hiyo ni miaka mitano na ushei. Kwenye nyuzi 65 ni saa 32,000, zaidi ya miaka 20. Kinacholeta tofauti ni ukubwa wa vyuma vya kupozea, nafasi ndani ya boksi na ubora wa kapasita yenyewe. Aliyeahidi miaka 20 hulazimika kuyapigia hesabu hayo tangu kwenye michoro, maana akibania hapo, gharama itamrudia.

“Umeshailipia kwenye bei.” Naam, umeilipia. Afadhali kulipia chuma na kapasita bora kuliko kulipia uso wa alumini uliong'arishwa.

Wengine huiita mbinu ya mauzo. Ingekuwa hivyo, kampuni ingeitaja miaka 20 kwa kila kitu. Bryston hiyohiyo hutoa miaka 5 tu kwa saketi za dijitali, kwa kuwa chipu hupitwa na wakati na kukosekana sokoni. Huo ni uamuzi wa wahandisi.

Hoja nzito ni kwamba kampuni inaweza kufa, na dhamana ikafa nayo. Hilo silipingi. Kwa hiyo tazama kampuni imedumu miaka mingapi, na kama fundi wa nje anaweza kupata michoro ya saketi. Kwa aliyeko Dar es Salaam au Mombasa kuna la ziada: amplifaya ya kilo 30 haisafirishwi Kanada kwa bei ya chai.

Kabla ya kulipa, omba karatasi ya dhamana uisome. Je, inagharimia kazi ya fundi au vipuri tu? Inamfuata mnunuzi wa pili? Nani analipia usafiri? Muuzaji akishindwa kukujibu kwa maandishi, usitoe hela.