Picha ya Matendo ya Huruma

Napoli ulikuwa mji wa Italia wenye matajiri wengi na maskini wengi. Mwaka 1602 vijana saba wa jamaa za wakuu waliunda chama cha kuwasaidia wahitaji. Mwaka 1607 chama kilimlipa Caravaggio fedha dukati 400 kwa picha ya madhabahu. Mchoraji huyu alikuwa amemwua mtu huko Roma, akakimbia. Naye alichora matendo yote saba ya huruma katika kichochoro kimoja, usiku: binti amnyonyesha babaye mfungwa mwenye njaa, maiti yachukuliwa kuzikwa kwa mwanga wa mwenge. Mwaka 1613 chama kikaamuru picha isiuzwe kwa bei yo yote. Ingali kanisani mwao hata leo. Basi, tajiri alitoa fedha yake, mwenye hatia akatoa kazi ya mikono yake. Nani nyumbani mwetu atasema hana cha kutoa?